Dawa Iliyoganda

Bibiane alianza kuogopa damu kabla hajajua kusoma. Kwao, kwenye vilima vya nje ya Bukavu, mama yake alizaa wavulana watatu. Wa kwanza alitahiriwa akingali kichanga, akavuja damu mpaka akaisha, kabla hata jina lake halijakaa vizuri midomoni mwa watu. Wa pili, Jean-Pierre, aliwahi kufika umri wa shule. Aling'oka jino la utoto, na lile pengo likakataa kufunga. Bibiane ndiye aliyekuwa akimbadilishia vitambaa, akivifua kwenye beseni na kuvirudisha vingali vibichi kwa sababu vikavu vilikwisha. Mtoto hakulia. Alikuwa akimeza tu, akimeza, rangi ikimtoka usoni, mpaka asubuhi moja akaacha kumeza.

Majirani walisema mama amewatoa wanawe kafara. Walisema mbele yake, kisimani, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya unga. Baba akaondoka na maneno hayo masikioni, asirudi. Akabaki mvulana wa tatu, Tresor, aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Miaka michache baadaye mama naye alishikwa na homa, homa ya kawaida tu, ikamshinda. Siku alipokuwa anakata roho alimshika Bibiane mkono akamwambia, "Huyu usimwache adondoke."

Basi Bibiane akalea hofu pamoja na mtoto. Vita viliposhuka tena alimbeba Tresor, wakavuka mpaka, wakaishia Kampala, katika chumba kimoja cha Bwaise chenye ngazi mbili za saruji mlangoni za kuzuia maji. Aliuza vitenge kwa kutembeza. Tresor alikua, akajifunza kutengeneza simu, akapata kibanda karibu na barabara ya Bombo. Alikuwa kijana mcheshi mwenye goti baya. Goti hilo lilivimba lenyewe bila kuanguka wala kugongwa, likawa kubwa kama papai, la moto, na yeye akalala siku nyingi akiuma shuka. Bibiane alimkanda kwa maji na kuomba. Hakumpeleka kwa daktari. Aliogopa daktari angeuliza habari za nyumbani.

Wateja wake wazuri walikuwa wake wa askari kule Makindye, kambini, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila mlango. Huko ndiko alikokutana na Atim, Mwacholi, muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya damu katika hospitali moja ya mjini, mume wake askari. Siku hiyo Atim alikuwa ameshika kitenge chenye kasuku, anakipima kiunoni, na Bibiane alikuwa na haraka.

"Leo unakimbia nini?" Atim aliuliza.

"Ndugu yangu ni mgonjwa, Sista. Goti limevimba tena."

"Alianguka?"

"Hapana. Linavimba lenyewe."

Atim aliweka kitenge chini. "Kwenu kuna mtoto wa kiume aliyekufa kwa kutoka damu?"

Bibiane alidhani maneno ya kisimani yamemfuata hadi Uganda. Alikusanya mzigo wake bila hata kuukunja, akaondoka, na kwa wiki kadhaa hakukanyaga Makindye. Kilichomrudisha ni goti lenyewe. Tresor alilia usiku kucha, mtu mzima mwenye ndevu, na asubuhi Bibiane akapanda kilima akagonga mlango wa Atim.

"Ni wawili," alisema akiwa bado amesimama nje. "Waliokufa ni wawili."

Kliniki ilimpima Tresor, ikaupa ugonjwa wake jina: hemofilia. Atim aliwaketisha akawaeleza kwa Kiswahili chake cha kambini, kisichopindapinda. "Damu yako inakosa kitu kimoja, kile kinachofanya ishikane. Tunakiita fakta. Ndiyo maana inavuja ndani ya goti hata kama hujaumia. Ugonjwa unapitia kwa mama, unakamata watoto wa kiume." Kisha akamgeukia Bibiane. "Mama yako hakumtoa mtu kafara. Umesikia?"

Bibiane alitazama sakafu. Alitamani mama yake awe hai kwa muda wa maneno hayo tu.

Lakini jina la ugonjwa halikumtoa hofu. Liliipa sura mpya. Dawa ilikuwepo, ile fakta yenyewe, unga mweupe ndani ya kichupa, unaochanganywa na maji yake maalumu na kudungwa kwenye mshipa. Ilikuja kwa msaada, haikuwa nyingi. Sindano za kwanza Tresor alichomwa palepale kliniki, akikaa chini ya macho ya wauguzi, kwa kuwa wapo ambao miili yao huikataa dawa, wakavimba uso, wakakosa pumzi. Miezi ilipopita na mwili wake ukaipokea, Atim alisema sasa mtu wa nyumbani ajifunze. Tresor akitokwa na damu, kila saa ya kungoja ni hasara.

"Mtu wa nyumbani ni nani?" Bibiane aliuliza, ingawa alijua.

Alijifunza. Kunawa mikono, kuacha vichupa vipate joto la mkono, kufuta mpira wa juu kwa spiriti, kuingiza maji kwenye unga na kukizungusha kichupa polepole bila kukitikisa. Kutazama. "Ikiwa safi kama maji ya mvua, endelea," Atim alisema. "Ikiwa na ukungu, ikiwa na vipande, ikiwa kichupa kimepasuka, au kiliwahi kuganda barafu, hiyo si dawa tena. Usiibembeleze." Mara ya kwanza kupata mshipa, Bibiane alitoka nje akatapika. Kilichomtisha hakikuwa damu peke yake. Mama yake alisingiziwa kuua wanawe, na sasa yeye ndiye aliyeshika sindano. Tresor akifia mikononi mwake, nani angemtetea?

Alirudi ndani, akajaribu tena.

Walipewa dozi mbili za kukaa nazo nyumbani kwa ajili ya dharura. Chumbani hawakuwa na friji. Bibiane alizipeleka kwa Mama Zulaika, Mnubi mtu mzima aliyeuza maziwa na juisi ya baridi nyumba ya nne kutoka kwao. "Ni dawa ya ndugu yangu," alimwambia. "Inataka baridi." Mama Zulaika aliziweka sehemu ya chini ya friji, karibu na mboga, na hakuuliza ni dawa ya nini. Bibiane naye hakusema. Mtaani hakuna aliyejua, na alitaka iwe hivyo. Kuna magonjwa ambayo watu huyasikia leo, kesho wanakuhesabia maiti za kwenu.

Ndipo ikaja mvua ile.

Ilinyesha tangu alfajiri. Mtaro mkubwa wa Bwaise ulijaa takataka, ukafurika, na maji meusi yakaingia vichochoroni yakibeba ndara, chupa za plastiki na kuku mmoja aliyekufa. Yalipanda ngazi ya kwanza, ya pili, yakaingia. Umeme ulikatika. Siku mbili watu waliishi juu ya vitanda na meza. Siku ya tatu maji yalipungua, umeme ukarudi, na kila nyumba ikaanza kutoa matope kwa majembe na sahani.

Tresor hakukubali kukaa. "Yaya, mimi si yai," alimwambia dada yake, akimwita kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, akanyanyua godoro lililolowa kulipeleka juani. Bibiane alikuwa nje anasukuma matope. Alisikia mguu ukiteleza, kisha mlio mkavu wa kichwa kikigonga fremu ya chuma ya mlango.

Alipofika, Tresor alikuwa ameketi kwenye matope, anacheka kidogo. Juu ya sikio la kulia palikuwa na uvimbe mdogo kama ukwaju. Hakuna hata tone la damu.

"Si kitu," alisema. "Acha kunitazama hivyo."

Bibiane alijua kuwa ni kitu. Atim aliwaambia mara nyingi: kichwa hakingojwi. Goti unaweza kuliona likivimba. Kichwani damu inajaa mahali usipopaona, na dalili zikija, zimechelewa. Dawa kwanza, hospitali hapohapo. Alimketisha kitandani, akampa mto, akatembea kwenda kwa Mama Zulaika. Alitaka kukimbia lakini miguu ilikuwa inazama.

Duka lilinuka matope na maziwa yaliyochacha. Mama Zulaika alikuwa anafuta rafu. Bibiane alifungua friji, akatazama chini karibu na mboga. Hapakuwa na kitu.

"Dawa yangu iko wapi, Mama?"

"Usijali, mwanangu, iko salama." Mama Zulaika alifungua mlango mdogo wa juu, wa sehemu ya kugandishia barafu. "Maji yalipoingia nilihofia chini kutalowa, nikaipandisha. Umeme uliporudi hapa ndipo palipopata baridi ya kweli."

Alitoa humo maboksi mawili. Yalikuwa yameota theluji. Moja lilikuwa limenata kwenye barafu, akalibandua kwa kisu.

Bibiane alifungua la kwanza. Kichupa cha maji kilikuwa kimevunjika kitako. Barafu ilichomoza kama jino. Alifungua la pili. Kichupa kilikuwa kizima, na maji ndani yake yalikuwa jiwe jeupe. Damu ya ndugu yake haikuganda, dawa yake ndiyo iliyoganda.

Alitoka na boksi hilo la pili, akalifumbata kifuani, akilipasha joto njia nzima. Alipofika nyumbani jiwe lilikuwa limeanza kulegea. Tresor alikuwa amejiegemeza ukutani, macho yamefumbwa.

"Kichwa kinaanza kugonga," alisema. "Nichome, yaya."

Aliketi kando yake na kukizungusha kichupa viganjani. Barafu iliyeyuka ikawa maji, na maji yalikuwa safi. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango. Yaling'aa. Ule unga kwenye kichupa chake haukuonekana kubadilika hata kidogo. Moyo wake ulianza kumshawishi. Nani angejua kama iliganda? Ilikuwa safi kama maji ya mvua. Ndipo akahisi ubaridi kwenye kiganja. Alifungua mkono akaona unyevu, na alipokigeuza kichupa aliona mstari mwembamba kama unywele ukikata kioo kutoka shingoni hadi katikati.

Mama Zulaika alikuwa amemfuata, anahema mlangoni. "Kama ni maji ndiyo yameharibika, mwanangu, mimi nina maji yaliyochemshwa. Na dawa ya kichwa ninayo hapa, vidonge, umpe apoe."

"Asimeze kidonge chochote," Bibiane alisema. Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. Zipo dawa za maumivu zinazozidisha kuvuja damu, na hakujua zile zilikuwa zipi.

"Basi weka hayo maji uliyo nayo," Tresor alisema. "Yaya, tafadhali. Ni tone moja tu limevuja. Nahisi kama kuna mtu anasukuma jicho kwa ndani."

Alimpigia Atim. Simu haikushika. Akapiga tena, ikakatika. Mikono yake ilikuwa na matope na kioo cha simu hakikusikia vidole. Alivifuta kwenye nguo, akapiga, na safari hii sauti ya Atim ikaja, ya kawaida kabisa, mtu aliye kazini.

Bibiane alieleza. Alisema kichwa, alisema barafu, alisema ufa. Mwishoni akauliza kile alichokuwa akikiogopa kukiuliza. "Sista, naweza kuitumia? Ni safi. Nimeitazama, ni safi."

"Imepasuka?"

"Kidogo."

"Basi mimi sijui nini kimeingia ndani, na wewe hujui. Hiyo inaenda kwenye mshipa, Bibiane, inafika kwenye moyo. Usichome. Na usitie maji mengine. Mlete sasa. Nitakuwa mlangoni na dawa tayari. Mlaze kichwa kikiwa juu kidogo, asitembee, asinywe kitu."

"Njia imejaa maji."

"Mlete," Atim alirudia. Kisha kwa upole zaidi, "Umefanya vizuri kunipigia. Njooni."

Bibiane aliweka kichupa juu ya kabati, mbali na mkono wake, kana kwamba mkono ungeweza kukirudia bila ruhusa. Hapo Tresor akatapika. Hakupata hata muda wa kuinama.

Pikipiki haikufaa, mtu aliyeumia kichwa hapandishwi pikipiki kwenye mashimo. Magari hayakuweza kuingia kichochoroni. Bibiane alitoka nje akaita jina moja, na alipoliita alishangaa kwa nini ni hilo.

Bienfait alikuwa fundi mbao, Mkongomani kama wao, mtu wa kwaya, mrefu, mtaratibu. Karakana yake ilikuwa upande wa pili wa kichochoro. Alikuwa amemposa Bibiane mara mbili, na mara zote mbili Bibiane alikataa bila kumpa sababu. Alikuja na toroli lake la mbao. Hakuuliza. Alitandika magunia matupu, akamnyanyua Tresor kama mtu anayenyanyua kioo cha dirisha, akamlaza.

"Usiliache ligonge," Bibiane alisema. "Akigongwa tena atakufa. Damu yake haishikani. Haishikani kabisa, tangu kuzaliwa, na wakubwa zake walikufa hivyo." Ilimtoka yote, mbele ya Mama Zulaika, mbele ya wanawake waliosimama na majembe ya matope. Mmoja aliweka jembe chini akaja kushika upande wa toroli.

Walisukuma. Maji yalikuwa yanafika magotini sehemu za chini, na chini ya maji hakuna aliyejua palipo na shimo. Bienfait alitangulia, akipapasa kwa miguu kabla ya kila gurudumu. Bibiane alikishika kichwa cha ndugu yake kwa mikono yote miwili. Alimsemesha. Alimtaka ataje majina ya wateja wake wa simu, na Tresor alitaja, mwanzo haraka, kisha polepole, kisha akawa anarudia jina lilelile. Aliposema kitu kisichokuwa jina wala neno, Bibiane alimwangalia Bienfait, na Bienfait akaongeza mwendo.

Barabarani walipata gari. Dereva alitazama matapishi, akatazama uso wa Bibiane, akafungua mlango. Magari yalikuwa yamesongamana kwa sababu ya mafuriko, na hospitali iliyokuwa karibu ikawa mbali kama Bukavu. Bibiane alihisi pumzi ya Tresor kwenye mkono wake. Kila ilipokawia, na yake ilikawia.

Atim alikuwa mlangoni kama alivyosema. Alikuwa na trei mkononi, dawa imeshachanganywa, na alianza kutafuta mshipa kabla kitanda cha magurudumu hakijasimama. Alimdunga polepole, kwa kiasi ambacho hakikumwelea Bibiane, huku akimuuliza mgonjwa maswali. Baada ya dawa kuingia ndipo walipomkimbiza kupigwa picha ya kichwa. Picha ilionyesha damu chini ya fuvu, upande wa kulia. Daktari alisema haikuwa nyingi. Alisema pia kwamba hangeahidi kitu.

Bibiane alikaa wodini siku zilizofuata akisikiliza kila mtu anavyopumua. Tresor alipewa fakta tena na tena ili damu ile isiongezeke. Haikuongezeka. Siku alipoomba chai na kulalamika kuwa haina sukari, Bibiane alitoka hadi kwenye korido, akaketi sakafuni.

Tresor hakutoka mzima kabisa. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki vizito, na skrubu ndogo za simu zikawa zinamponyoka. Ilimchukua miezi kujifunza kushika kibano upya.

Bibiane alimnunia Mama Zulaika. Alipita mbele ya duka akitazama upande mwingine, akanunua maziwa mbali. Siku moja mama yule alimsimamisha njiani, macho mekundu.

"Ulisema inataka baridi," alisema. "Nikaipa baridi yote niliyokuwa nayo. Ungeniambia, mwanangu. Ungeniambia tu."

Ilimchukua Bibiane siku kadhaa kukubali kwamba mama yule alisema kweli, na alipokubali hakufurahi. Alirudi dukani na dozi mpya ndani ya mfuko wa plastiki, akaeleza kila kitu tangu mwanzo: ugonjwa, wavulana wawili, sehemu ya chini tu, kamwe isiwe juu, na umeme ukikatika waitane. Mama Zulaika alisikiliza, akiwa ameshika leso mdomoni. Kisha akatoa mboga zake zote sehemu ile, akaiacha tupu kwa ajili ya dawa.

Baada ya ajali ile kliniki iliamua Tresor asingoje tena kuumia. Angechomwa kila wiki, mara mbili, ili damu yake iwe na akiba. Kwa Bibiane maana yake ilikuwa hofu mara mbili kwa wiki. Mara ya kwanza kumchoma nyumbani, mchana, mlango wazi apate mwanga, alikitazama kichupa mpaka Tresor akamwambia unga utazeeka. Mshipa aliupata. Alisukuma dawa polepole kama alivyofundishwa. Katikati, Tresor akajikuna shingo.

Bibiane alisimamisha mkono. "Nini kinawasha?"

"Shingo tu."

"Kifua? Unapumua vizuri? Midomo?"

Alimgeuza kwenye mwanga akamkagua ngozi. Palikuwa na kipele kimoja, chekundu, chenye nukta katikati.

"Ni mbu, yaya," Tresor alisema. "Hapa ni Bwaise."

Bibiane hakucheka. Alingoja, sindano ikiwa imetulia mshipani, akitazama kifua chake kikipanda na kushuka, akitafuta kipele cha pili. Hakikuja. Alimalizia dawa, akaweka pamba, akabonyeza muda mrefu. Sindano aliitumbukiza kwenye mtungi mgumu wenye kifuniko ambao kliniki iliwapa, akaenda kunawa.

Bienfait alimposa tena baada ya Pasaka. Safari hii Bibiane alimpa sababu. Walikaa karakanani, kwenye harufu ya mbao mbichi.

"Uliona yale," alimwambia. "Huenda yamo ndani yangu pia. Nikizaa mvulana, huenda ukamzika. Mimi nimeshazika. Siwezi kumfanyia mtu hivyo."

Bienfait alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti. Aliendelea kidogo, kisha akaacha. "Wanaweza kukupima?"

"Wanaweza. Ninaogopa."

"Nitakusindikiza. Hata mimi ninaogopa," alisema. "Toroli lile lilipokuwa linazama nilijikojolea kidogo, ila maji yalinisitiri."

Walikwenda pamoja. Majibu yalitoka: anabeba ugonjwa, na damu yake mwenyewe ilikuwa na fakta pungufu kuliko ya watu wengine. Atim alieleza bila kupamba. Kila mvulana atakayemzaa ana nusu ya uwezekano wa kuwa nao. Yeye mwenyewe asijifungulie nyumbani kamwe. Ajifungulie hospitali inayojua, dawa ikiwa tayari, na mtoto asitahiriwe wala kudungwa msulini kabla hajapimwa. Bibiane alimtazama Bienfait akitarajia kumwona anatafuta mlango. Bienfait alikuwa akimuuliza Atim kama dawa ya kuzalia nayo hutunzwa kwenye friji.

Walioana kabla ya mwaka kuisha. Sasa Bibiane ana mimba kubwa, na hajui ni mtoto gani. Hakutaka kuambiwa. Anakwenda Makindye na vitenge vyake kama kawaida, lakini ameacha kulala vizuri. Baadhi ya siku anaamka akiwa na ladha ya chuma mdomoni, anadhani anatokwa na damu, anawasha taa kuangalia mto. Mto ni mweupe.

Jumamosi iliyopita alikuwa amekaa na trei yake mapajani, tumbo likimzuia kuinama, na Tresor akamtazama anavyohangaika.

"Lete hapa," alisema.

"Nini?"

"Ukilazwa kujifungua, nani atanichoma? Lete."

Bibiane hakutaka kuipa mikono ile sindano. Vidole viwili havikuwa vimerudi sawa, naye alijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini Tresor alikuwa amefundishwa kliniki, mara kadhaa, na Atim alikuwa amemruhusu. Bibiane akasogeza trei. Tresor alinawa, akachanganya, akazungusha kichupa taratibu, akakiinua kwenye mwanga. Alifunga mpira mkononi kwa meno. Mara ya kwanza sindano ilikosa mshipa, na uvimbe mdogo ukaanza kujitokeza chini ya ngozi. Bibiane alinyanyuka nusu.

"Kaa, yaya."

Alibonyeza pale penye uvimbe mpaka ukatulia, akachukua sindano mpya, akatafuta mahali pengine. Bibiane aliikalia mikono yake. Mtoto tumboni alikuwa anapiga mateke kana kwamba ameambukizwa hofu. Aliona damu kidogo ikirudi kwenye mrija, dalili kuwa amefika. Aliona kidole gumba cha ndugu yake kikisukuma, polepole, kikipumzika, kikisukuma tena.

Ilipokwisha, Tresor alichomoa, akabana pamba, akaegemea ukuta huku jasho likimtiririka puani. Nje Bienfait alikuwa anapiga randa. Baada ya muda Tresor aliinua pamba akachungulia.

"Imekata," alisema.

Bibiane alisogea akaiangalia mwenyewe.

"Bonyeza bado," alimwambia.